Miguu ya Magoshiro

Tarehe 6 Septemba

Leo ofisi imenigeuza miguu. Naandika haraka kabla hasira haijapoa, maana hasira yangu hupoa upesi, na ikishapoa naanza kuomba radhi.

Mzee Mohei wa Kuruse ameteleza juu ya paa la ghala lake alipokuwa akikaza vigae kabla ya kimbunga. Amevunjika nyonga. Mohei ndiye mshika miguu wa kikundi cha vikaragosi cha huko Kuruse. Kikaragosi kimoja huchezwa na watu watatu: mmoja ashike kichwa na mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, mmoja miguu. Akikosekana mmoja, hakuna mchezo. Na mkuu wa idara yetu ya utamaduni, Bwana Hirukawa, alikwisha kuwaahidi wakubwa wa mkoa kwamba Kuruse watacheza kwenye Tamasha la Utamaduni mwezi wa Novemba.

Kikaoni alitutazama mmoja mmoja, si usoni, magotini.

"Isogai ni mfupi," akasema. "Tena hana mume wala mtoto wa kumngoja jioni."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma. Nimemaliza chuo kikuu, nimeandika tasnifu juu ya ushairi wa kale, na leo nimecheka nilipopimwa magoti kama ng'ombe wa mnadani. Lakini ajira yangu ni ya muda, mpaka Machi, na anayeirefusha au kuikata ni yeye. Nikasema, "Sawa, Mkuu."

Tarehe 8 Septemba

Ukumbi wa Kuruse uko nyuma ya hekalu, juu ya mashamba. Mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa.

Kiongozi wa kikundi, Mzee Obata Tatsuzo, ndiye mshika kichwa. Ana mabega ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, na anavaa mitalawanda mirefu ili kikaragosi kikae juu, mimi nipate nafasi ya kuchutama chini yake. Mshika kushoto ni Suga, mkwe wake, mjane wa mwanawe. Muziki na simulizi ni kazi ya Nakaji kinyozi, anayepiga samisen yake, kinanda cha nyuzi tatu, huku akiimba sauti za wote, wazee kwa watoto.

"Ofisi imetuletea miguu," Nakaji alisema aliponiona. "Tungojee, mwaka ujao labda italeta na kichwa."

Kikaragosi chenyewe kinaitwa Magoshiro, mchoma makaa anayemtafuta mwanawe kwenye theluji. Nyuma ya visigino vyake kuna vishikio vya chuma. Navishika hivyo, na kila anapokanyaga kwa nguvu, mshindo naupiga mimi kwa miguu yangu. Nikauliza nitajuaje wakati. Suga akakishika kiwiko changu akakiegemeza kwenye nyonga ya Mzee. Ishara hutoka hapo. Nyonga ikisema, mimi natii. Maneno hayatumiki.

Nilichelewa kutii. Mzee akanipiga teke la muundi kwa mtalawanda.

Nilitazama juu nikidhani ni bahati mbaya. Hakuna aliyeshangaa. Nakaji aliendelea kupiga nyuzi zake.

Tarehe 9 Septemba

Siwezi kukaa wala kuchutama. Ofisini nimeshinda nimesimama, Bwana Hirukawa akanipongeza kwa ari.

Tarehe 14 Septemba

Teke. Mguu wa kulia.

Tarehe 15 Septemba

Mvua. Teke.

Tarehe 22 Septemba

Mvua imeacha, wameanza kuvuna sehemu za chini. Mazoezi yalikuwa mafupi kwa sababu Mzee alikuwa shambani tangu asubuhi. Suga alinibakiza jikoni kwake, akanibandika plasta ya dawa kwenye muundi, akanipa matonge ya wali na achari ya biringani.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii baba mkwe wake aache kunipiga. Nilijitahidi kuuliza kwa adabu, lakini hasira ilikuwa imenipanda.

"Alinipiga mimi pia," akasema. "Naye alipigwa na baba yake. Mohei alivaa magome ya mti chini ya suruali. Wewe vaa magazeti."

Nilimwona mwoga. Nasema kweli ya moyo wangu: nilimtazama akiosha vyombo nikamdharau. Ndani ya nyumba ile baba mkwe na mkwe hawasemezani. Mzee husema "chai", chai huja. Husema "taa", taa huzimwa. Picha ya mumewe iko ukutani, kijana mwenye masikio makubwa. Trekta ilimpindukia kwenye tuta. Yeye ndiye aliyekuwa mshika kushoto, na baadaye angerithi kichwa. Alipokufa, Suga aliwekwa pale kwa muda, hadi apatikane mwanamume. Ndivyo wanavyomwita mpaka leo huko Kuruse: mkono wa muda.

Nimerudi nyumbani nikitafuna neno hilo. Na mimi kwenye karatasi za ofisi ni mtumishi wa muda. Lakini mimi nina mwaka mmoja. Suga nywele zimeanza kuota mvi akiwa wa muda.

Tarehe 28 Septemba

Bwana Hirukawa ameingia ofisini akisugua mikono. Mwanamume amepatikana.

Anaitwa Reiji, mtoto wa dada wa Mzee Obata, anafanya kazi ya matangazo ya biashara Osaka. Atachukua jina la Obata na kurithi kichwa cha Magoshiro. Makabidhiano yatafanyika jukwaani siku ya Tamasha, mbele ya gavana na kamera za televisheni. Siku hiyo hiyo Mzee atapewa nishani. Mimi ndiye nitakayeandika hotuba ya Bwana Hirukawa, kuhusu mila isiyokatika.

"Andika kitu cha kutoa machozi," akaniambia. "Wewe si msomi?"

Nikauliza, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe ikinyauka, kama Suga atatajwa. Akauliza Suga ni nani.

Tarehe 3 Oktoba

Reiji amefika. Nilijiandaa kumchukia na amenidhulumu hata hilo: ni mpole, ameinama mpaka chini, amemletea kila mtu keki za maharagwe matamu. Amesoma kila kitu kuhusu vikaragosi. Amempa Nakaji kadi yake ya kazi kwa mikono miwili. Nakaji akaitazama, akaitia mfukoni mwa aproni yenye nywele za wateja.

Kisha akashika kichwa. Shingo ya Magoshiro ikawa shingo ya mtu anayesinzia kwenye treni.

"Shemeji atanisaidia," alisema Reiji akicheka kidogo, akimtazama Suga.

"Atakusaidia," Mzee akasema.

Suga alikuwa tayari amevaa kitambaa chake cheusi cha uso. Mshika kichwa hucheza uso wazi. Sisi wawili hufunikwa, na watazamaji hukubali kwamba hatupo. Kwa hiyo sijui alikuwa na uso gani.

Baadaye Nakaji alinieleza namna ya makabidhiano, kwa kuwa nitahusika. Huko Kuruse kichwa hakikabidhiwi mezani. Hukabidhiwa mchezo ukiendelea, mahali Magoshiro anapofika kwenye kivuko na kusimama. Samisen inashika vipande vichache vya sauti, inavirudia, inavirudia, na mrithi anasogea nyuma ya mwalimu wake. Mwalimu anatoa ishara kwa nyonga. Mshika miguu anapiga mshindo mmoja mkubwa. Kwenye mshindo huo mkono mmoja unatoka mgongoni mwa kikaragosi na mwingine unaingia, bila Magoshiro kubaki hata kidogo bila mkono ndani yake. Akibaki mtupu, amekufa, na Kuruse hawatamcheza tena.

"Na mshindo usipopigwa?"

"Hautakosa kupigwa," akasema Nakaji. "Mimi nitarudia ninachorudia mpaka upigwe. Hata vidole vitoke damu."

Tarehe 5 Oktoba

Leo teke limenikosa. Limegonga nguzo, ukumbi mzima ukatikisika. Nilikuwa nimehama upande kidogo kwa sababu ya goti langu.

Nilifurahi. Mungu wa hekalu lile anisamehe, nilifurahi sana.

Tarehe 11 Oktoba

Nimejua jambo.

Tulikuwa tukirudia mahali Magoshiro anapopanda mlima. Kwa sasa mwili wangu umezoea, haufikirii tena. Mkono wangu ulikuwa kwenye nyonga ya Mzee, nangoja aseme kulia au kushoto. Nikasikia kitu kingine, kidogo kama samaki anapogusa ndoano. Kilitoka kwenye kikaragosi chenyewe. Bega la kushoto la Magoshiro lilivutwa kidogo. Kisha nyonga ya Mzee ikageuka.

Nikadhani nimekosea. Nikangoja zamu nyingine. Tena: bega kwanza, nyonga baadaye. Kwenye kona, bega kwanza. Kwenye hatua za nyuma, bega kwanza.

Amri hutoka kichwani. Mshika kichwa huamua, kushoto humfuata, miguu humfuata. Hata mtoto wa Kuruse anajua hivyo. Lakini mwanamke yule aliyejifunika uso, mwenye fimbo ya mkono wa kushoto, ndiye aliyekuwa akimwongoza Magoshiro, na Magoshiro ndiye aliyekuwa akimwongoza Mzee.

Kisha yote yakanijia kwa pamoja. Kikombe cha chai ambacho Mzee alikipapasia pembeni, Suga akakisogeza bila kutazama. Teke lililopiga nguzo, mahali hasa nilipokuwa nachutama siku zote. Jinsi anavyoshika ukingo wa mlango anapoingia, nami nilidhani ni kiburi.

Mzee haoni. Labda anaona mwanga, labda vivuli. Na kijiji kizima kinasema mzee huyu mkono wake umekomaa miaka hii ya mwisho, Magoshiro anatembea kama mtu hai. Gavana anampa nishani. Na aliyefanya hivyo anarudi nyumbani kuambiwa "chai".

Nimekaa mbele ya daftari hili nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Sijui nimkasirikie nani kwanza.

Tarehe 12 Oktoba

Nimenyamaza. Kazi nyingi ofisini.

Tarehe 16 Oktoba

Nilimfuata Suga barazani. Alikuwa akimenya matunda ya kaki ili ayatungike kwenye kamba yakauke. Nikachukua kisu nikamsaidia. Tulimenya, maganda yakirefuka mapajani. Kisha nikasema ninachokijua.

Kisu chake hakikusimama.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi abaki huyo huyo hakuna."

Nikamwambia si haki. Nikamwambia jukwaa la mjini ni kubwa, halina nguzo anazozijua, ukingo wake uko juu kuliko kimo cha mtu. Nikamwambia na huyu Reiji naye atakuja mara mbili kwa mwaka, apigwe picha, na Suga atamwongoza kama anavyomwongoza Mzee, mpaka mikono yake ichoke. Nilikuwa nasema kama mtu anayetapika.

"Wewe binti," akasema, "unafikiri sijui ninachokifanya? Mume wangu alikufa asubuhi. Jioni yake huyu mzee alikuja akaweka fimbo ya kushoto mbele yangu. Hakusema pole. Aliweka fimbo. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Lakini nilipoishika, kulikuwa na joto la mkono wa mume wangu kwenye mbao. Au nilijidanganya. Mimi sitaki jina. Nataka siku moja nimshike Magoshiro mgongoni, nijue shingo yake inasemaje. Siku moja tu, halafu waendelee."

"Umemwomba?"

"Kitu cha kuombwa hicho? Kitu kama hicho mtu hupewa."

Nikamenya la kwangu vibaya, likatoka na nyama.

Tarehe 20 Oktoba

Nimejitia ujasiri nikaenda mezani kwa Bwana Hirukawa. Sikusema habari ya macho, niliahidi. Nilisema tu ingefaa Suga atajwe, na labda wakati wa makabidhiano kikundi kiulizwe kama yeye, kwa uzoefu wake, hastahili.

Alinisikiliza akiwa amefunga macho, kama anasikiliza mvua. Kisha akaniambia Kuruse hawajawahi kumpa mwanamke kichwa, na ofisi haiingilii mila, ofisi huilinda. Mwisho akafungua macho.

"Mkataba wako wewe unaisha Machi, sivyo?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi."

Nikasema samahani. Nikasema tena samahani mlangoni. Nilipofika chooni nilijitazama kwenye kioo, nikaona mtu ambaye ningependa kumpiga teke.

Tarehe 24 Oktoba

Kimbunga. Treni hazikuja. Reiji alikwama Osaka, tukafanya mazoezi bila yeye, na Magoshiro alitembea vizuri kiasi cha kuniliza, nikiwa nimechutama chini yake na magazeti miundini.

Tarehe 25 Oktoba

Teke. Nilistahili hili.

Tarehe 2 Novemba

Mazoezi ya mwisho, jukwaa la mjini. Linanuka rangi mpya. Mafundi wa taa, watu wa kamera, Bwana Hirukawa na saa yake.

Magoshiro anapopotea kwenye theluji huja mbele, mbele kabisa, kisha hugeuka. Kuruse kuna ubao unaolia mahali pa kugeukia. Hapa hakuna ubao unaolia. Nilikuwa nimeinama, naona miguu tu: mitalawanda ya Mzee, soksi nyeusi za Suga, na kipande cha jukwaa kinachopungua. Kilipungua mpaka nikaona viti vya watazamaji. Nyonga haikusema kitu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, ndivyo nilivyo. Kisha Magoshiro akarusha mkono wake wa kushoto nyuma kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa na mwanawe, na mwili wote ukaufuata, na Mzee naye, na mimi. Mtalawanda mmoja ulikuwa umeshakanyaga hewa.

Bwana Hirukawa alipiga makofi.

"Hiyo ibaki," akasema. "Hiyo ni sanaa."

Nyuma ya pazia Mzee alikaa akishika goti lake. Suga akaweka chai mkononi mwake, si mezani, mkononi. Nilingoja aseme neno. Nilisimama pale makusudi nikingoja.

"Imepoa," akasema.

Tarehe 3 Novemba

Naandika nikiwa nimejifungia. Simu imelia mara nyingi, sijaipokea.

Ukumbi ulijaa. Kabla yetu kulikuwa na ngoma za watoto wa shule, shangazi wa kwaya, na mtu aliyeonyesha kupanga maua. Meya alisema. Gavana alisema. Bwana Hirukawa alisoma hotuba yangu, na wengine walitoa machozi, niliona. Ina neno "urithi" kila sentensi ya tatu. Mzee akavalishwa nishani, akainama kuelekea upande ambao gavana hakuwapo. Suga, aliyesimama nyuma yake kama msaidizi, alimgusa kiwiko.

Kisha tukaanza.

Tulifika kwenye kivuko. Nakaji akashika vile vipande vyake akaanza kuvirudia. Nikaona soksi nyeupe, mpya kabisa, zikitoka pembeni na kusogea mpaka nyuma ya mitalawanda. Reiji. Upande wa pili soksi nyeusi zilisimama pamoja, visigino vimegusana, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nyonga ikasema: piga.

Sikupiga.

Sikuwa nimepanga. Ningependa kuandika kwamba nilipanga. Nilijua tu kwamba nikipiga, mlango unafungwa, na nitakayeufunga ni mimi, kwa miguu yangu mwenyewe, kwa "sawa, Mkuu" nyingine. Miguu ikakataa. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka isipokuwa miguu.

Nyonga ikasema tena. Nikakaza mikono kwenye vishikio.

Teke likaja. Magazeti yalipunguza kidogo. Nakaji akarudia, akarudia. Teke la pili lilinipata mfupani, machozi yakanitoka ndani ya kitambaa cheusi.

"Piga," Reiji akanong'ona. "Dada, tafadhali. Piga."

Watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Kutoka safu ya mbele nilisikia kikohozi cha Bwana Hirukawa. Kikohozi hicho nakijua.

Kisha sauti ya Mzee, chini sana, neno moja:

"Miguu."

Na mimi, Isogai Chinami, mtumishi wa muda, nikamjibu jukwaani mbele ya gavana.

"Bado."

Soksi nyeusi zikasogea. Si mara moja. Kisigino kimoja kilinyanyuka, kikashuka, kikanyanyuka tena. Suga akamfuata Reiji pale nyuma akamtia fimbo ya mkono wa kushoto mkononi, na Reiji akaishika, maana fimbo ile haiwezi kuachwa ianguke, mtu yeyote angeishika. Soksi nyeupe zikarudi nyuma hatua. Nyeusi zikachukua mahali pake.

Yaliyofuata sikuyaona, Nakaji ndiye aliyenisimulia. Mzee alipeleka mkono wake wa kulia nyuma, kumpapasa mrithi. Alitegemea uso wazi. Akagusa kitambaa cheusi. Mkono ulikaa hapo. Nakaji anasema vidole vilipita juu ya kitambaa kama vya mtu anayepima nguo, vikafika ukingoni, vikakivuta. Suga akabaki uso wazi mbele ya watu wote, amekunja midomo, ana hasira kama mtu anayetaka kuuma.

Nilichokijua mimi ni nyonga. Ilikuwa imekufa kabisa chini ya mkono wangu. Nilingoja. Wakati huo niliogopa kuliko siku yoyote, kwa sababu nilielewa kwamba sasa si juu yangu tena. Angeweza kumsukuma. Angeweza kuutoa mkono na kumwacha Magoshiro afe.

Nyonga ikasema. Polepole, wazi, kama mtu anayemfundisha mgeni: piga.

Nikapiga mpaka mbao zikalia.

Uzito ukahama juu yangu. Mitalawanda ikatoka, soksi nyeusi zikaingia, na Magoshiro akainua kichwa. Sikukiona. Lakini nyonga mpya ilisema kulia, na bega la kushoto halikuwa limesema kitu kabla yake.

Tarehe 4 Novemba

Bwana Hirukawa hakupiga kelele. Alizungumza kwa upole dakika nyingi, mlango wazi ili wote wasikie, kuhusu watu wanaopewa elimu na wasipewe malezi. Sikuomba radhi. Niliona alivyokuwa akingoja niombe, na nikaona kwamba kungoja kunamchosha.

Kuanzia kesho niko idara ya taka.

Tarehe 6 Novemba

Nilienda Kuruse nikitegemea shukrani. Nayaandika haya ili yanichome vizuri.

Suga alikuwa akifunga kabichi kwa nyasi, baridi isiziharibu. Hakuinuka.

"Mume wangu alinisukuma kwa kufa kwake," akasema. "Mkwe wangu akanisukuma. Sasa na wewe, mtoto wa juzi, umenisukuma mbele ya gavana. Hebu niambie, nani aliniuliza?"

Nikasema alikuwa ameniambia anataka.

"Nilikuambia, sikukutuma. Siku moja niliyoingoja umri wangu wote, nimeicheza miguu ikitetemeka, sijachana nywele, nimeng'ang'ania shingo ya Magoshiro kama mtu anayezama. Ulitaka nishukuru kwa hilo?"

Nikauliza Mzee amesema nini.

"Hasemi. Tangu siku ile hata chai haombi. Anajimiminia mwenyewe. Meza yote imelowa."

Nimerudi kwa miguu hadi stesheni. Mara hii sijui kama nina hasira naye, au nina hasira kwa sababu amesema kweli.

Tarehe 12 Novemba

Taka zenye kuungua, Jumatatu na Alhamisi. Chupa, Jumanne. Watu wa mji huu wanadanganya kuhusu chupa.

Tarehe 15 Novemba

Reiji ameandika kutoka Osaka. Halichukui jina la Obata. Anasema alipoishika ile fimbo ya kushoto aliisikia ikiwa na joto, akaona haya. Ametuma keki.

Tarehe 23 Novemba

Jalidi ya kwanza. Mashamba meupe, kaki zimenyauka vizuri kwenye kamba za barazani.

Nakaji alikuja mwenyewe mpaka uani penye malori ya taka, akiwa amevaa aproni yake ya kinyozi, akaniambia leo kuna mazoezi, na kwamba nisiulize maswali. Nikaenda. Nilifunga magazeti miundini njiani, ndani ya basi, watu wakinitazama.

Suga alikuwa amesimama katikati ya ukumbi juu ya mitalawanda mirefu, uso wazi, Magoshiro mkononi. Alikuwa hajaizoea, anayumba kidogo. Hakunisalimu. Alinionyesha kwa kidevu fimbo ya mkono wa kushoto, iliyokuwa imelazwa juu ya mto.

Sikuelewa. Nikainama kwa mazoea kwenda mahali pangu, chini.

Mahali palikuwa na mtu. Mzee Obata alikuwa amechutama pale, makubadhi ya majani ya mpunga miguuni, mabega yake ya magunia yamekunjwa, mikono miwili imeshika visigino vya Magoshiro. Kiwiko chake kilikuwa kimeegemea nyonga ya mkwe wake, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

"Nenda juu," akaniambia. "Huku hakuhitaji macho. Nilianzia hapa."

Nikashika fimbo. Nilitaka kuhisi joto. Ilikuwa baridi, ni Novemba.

Nakaji akaanza. Suga akatoa ishara, na Mzee akachelewa. Kidogo tu, kama nilivyochelewa mimi siku ya kwanza. Suga alimtazama kwa chini kitambo, yule mtu aliyeweka fimbo mbele yake bila kusema pole. Kisha akainua mtalawanda akampiga teke.

Mzee hakusogea.

"Hilo ni la kubembeleza," akasema kutoka chini. "Yule mtumishi wa ofisi nilimpiga zito zaidi, na yeye ni mtoto wa watu."

Suga akampiga la pili. Nilisikia mfupa. Sikumwonea huruma, wala yeye hakuiomba.

"Sawa," akasema Mzee, akakaza mikono kwenye visigino. "Sasa tuanze."